Sanduku la Noblesville
Somo: Luka 12:1-3

Katika somo letu Bwana awaonya wanafunzi wake juu ya chachu ya Mafarisayo, ndiyo unafiki, na kuwaambia kwamba yote yaliyofichwa yatakuja kuonekana. Leo tutazame jinsi neno hilo lilivyoonekana katika mji mmoja wa Marekani.

Mwaka 1995, katika ghala moja mjini Noblesville, jimbo la Indiana, lilipatikana sanduku kuukuu. Ndani yake mlikuwa na kanzu nyeupe za Ku Klux Klan na kadi za wanachama wa miaka ya 1920. Chama hicho kiliwachukia watu weusi, Wayahudi, Wakatoliki na wahamiaji. Wenyeji wakabishana: je, vitu hivi vichomwe moto au vitunzwe? Tena majina yatangazwe, au yafichwe kwa ajili ya wajukuu? Kwa maana hayakuwa majina ya majambazi wa porini. Yalikuwa ya watu walioheshimiwa mjini, na chama chenyewe kiliwapokea Waprotestanti tu, watu wa makanisa kama yetu.

Walifikaje huko? Klan ilifufuliwa mwaka 1915 na William J. Simmons, mtu aliyewahi kuwa mhubiri wa Kimethodisti. Ilichukua msalaba na nyimbo za ibada, ikasema yailinda dini na jamaa njema. Mwanachama alilipa ada ya dola 10, lakini wahubiri wengi waliingizwa bure. Siku ya Jumapili, ibada ikiendelea, watu waliofunika nyuso waliingia kanisani kimya, wakatembea hadi mbele, wakatoa bahasha ya fedha, wakaenda zao. Wako wachungaji walioikataa bahasha ile. Wengine waliipokea na kushukuru.

Kutoka kanisani chuki ikaingia serikalini. Mwaka 1924 Edward Jackson alichaguliwa gavana wa Indiana kwa msaada wa Klan. John Duvall, aliyetaka kuwa meya wa Indianapolis, alitia sahihi karatasi ya siri, akiahidi kwamba kazi fulani za mji hatampa mtu bila kibali cha D. C. Stephenson, kiongozi wa Klan.

Lakini siri haikukaa. Mwaka 1925 Stephenson huyo, aliyejidai mlinzi wa heshima ya wanawake, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kifo cha mwanamke kijana aliyemtenda jeuri. Kesi ilisikizwa papo hapo Noblesville. Gavana hakumtoa gerezani, naye kwa hasira akazifichua karatasi zake. Duvall akafungwa jela. Jackson akashtakiwa kwa mambo ya hongo, akaponea tu kwa sababu muda wa kushtakiwa ulikuwa umepita. Wanachama wakatawanyika, na kadi zikalala sandukuni miaka 70.

Wapendwa, chuki ile haikuja na mapembe kichwani. Ilikuja na msalaba mkononi na sadaka katika bahasha. Nasi wakati wa uchaguzi twawaona wageni wakubwa wakija makanisani na bahasha zao. Basi kabla ya kupiga makofi, tuulize: mtu huyu ataka tumchukie nani? Je, neno alilolinena kwa lugha yetu ya nyumbani angeweza kulirudia mbele ya jirani wa kabila lingine? Kama hawezi, hiyo ndiyo chachu. Tumrudishie bahasha yake.

Na masanduku yetu sisi wenyewe je? Siku moja watoto wetu watayafungua. Yafaa wakute humo mambo wanayoweza kuyasoma kwa sauti mbele ya jirani yeyote.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wayaona ya sirini. Utuondolee chuki iliyovaa nguo ya ibada, utupe ujasiri wa kuikataa fedha yake, na kumpenda jirani uliyetupa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.