Kilicho Kidogo Kuliko Vyote: Mhadhara juu ya Daftari la Ziwa

Swali nililokusudia kulizungumza jioni hii ni jepesi hata baadhi yenu mtadhani nawapotezea wakati: kompyuta iliyopewa orodha ya hesabu itaitambuaje iliyo ndogo kuliko zote? Na tuchukue orodha inayotuhusu, yaani daftari la vipimo vya kimo cha Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake huwa karibu na mita 774 juu ya usawa wa bahari, na ambalo mwaka 1964 lilifurika hata likawaudhi wakazi wa kandokando yake, kama lilivyofanya tena katika miaka hii ya karibuni.

Programu hukishika kipimo cha kwanza, hukilinganisha na cha pili, hubakiza kilicho kidogo, ikaendelea vivyo hivyo hata mwisho wa daftari. Kwa vipimo 1,000 italinganisha mara 999, wala hapana hila ya kuipunguza kazi hiyo, maadamu daftari halikupangwa kwa taratibu ya ukubwa. Kwa sababu kila kipimo kisichostahiki ushindi sharti kishindwe walau mara moja, na mlinganisho mmoja hutoa mshinde mmoja tu.

Balaa, hata hivyo, huingia kabla ya mlinganisho wa kwanza. Mwanagenzi, kwa mazoea ya kuanzia kila hesabu na sifuri, huiweka sifuri mahali pa kipimo cha kwanza. Na kwa kuwa hapana kipimo cha ziwa kilicho chini yake, programu humaliza kazi ikatangaza, kwa adabu zote, kwamba Tanganyika limewahi kushuka hata likawa sawa na bahari. Lukuga, mto wa pekee unaoyatoa maji ya ziwa hili, hauna nguvu za kutenda msiba huo.

Ndugu wa kosa hili ni alama ya pengo. Wapimaji wengi wa maji na hali ya hewa, siku ambayo kipimo hakikusomwa, huandika -999 ili nafasi isibaki wazi. Na programu isiyoambiwa habari hiyo huichagua alama kuwa ndiyo ndogo kabisa, hali mlinganisho wenyewe haukukosea hata chembe.

Hata hayo yakisahihishwa, lasalia daftari tupu. Lugha ya Python, ikiulizwa kilicho kidogo kabisa katika orodha isiyo na kitu, hukataa na kutoa taarifa ya kosa. JavaScript hujibu kuwa ni kiasi kisicho na ukomo, jibu ambalo wanahisabati hawalipingi, kwani kipimo chochote kitakachokuja baadaye kitakuwa kidogo kuliko hicho. Mimi naikubali hoja ya wanahisabati, lakini nahodha aulizaye bandarini kama maji yatatosha chini ya meli yake, naona afadhali akataliwe jibu.