Yubile Nusu

Somo: Walawi 25:8–17

Katika somo letu Mungu anawaagiza Waisraeli juu ya mwaka wa Yubile. Ardhi isipandwe wala kuvunwa, na aliyeuzwa awe huru, tena airudie milki ya baba zake. Angalieni jinsi mambo haya yalivyofungwa pamoja: uhuru wa mtu na ardhi ya kumlisha.

Leo tutazame kisiwa cha St. Croix, katika bahari ya Karibi. Wadenmarki walikinunua kutoka kwa Wafaransa mwaka 1733, wakakijaza mashamba ya miwa. Shamba moja liliitwa Anna's Hope, yaani Tumaini la Anna. Jingine Upper Love, yaani Upendo wa Juu. Lakini waliokata miwa hiyo walikuwa Waafrika waliochukuliwa utumwani, na majina hayo mazuri hayakuwahusu.

Tarehe 3 Julai 1848 maelfu yao walikusanyika katika mji wa Frederiksted wakadai uhuru, na siku ile ile gavana akawatangaza kuwa huru. Je, hiyo ilikuwa Yubile? Ilikuwa nusu tu. Ardhi ilibaki kwa mabwana, na sheria ya mwaka 1849 ikawafunga wafanyakazi kwa mikataba ya mwaka mzima. Mwezi wa Oktoba 1878 waliinuka, wakiongozwa na wanawake, mmoja wao Mary Thomas, wakayachoma moto mashamba mengi. Mwaka 1917 Marekani ilivinunua visiwa vile kwa dola milioni 25. Kilimo cha miwa kilikoma huko mwaka 1966.

Mashamba mengi yakabaki magofu: minara ya mawe ya vinu vya upepo, na vichaka kila upande. Mti uliotapakaa sana ni ule tunaouita hapa Kenya lusina. Basi mtu akitaka kufufua shamba la namna hiyo, si lazima aanze na trekta. Azungushe ua sehemu ndogo, atie mbuzi wachache, na wakisha kula majani awahamishie sehemu nyingine. Ua utawazuia pia mbwa. Mbuzi akila majani ya juu hapati minyoo mingi kama anayekula nyasi za chini. Ila asishibishwe lusina peke yake, maana mbuzi asiyeizoea hunyonyoka manyoya. Mbuzi jike huchukua mimba miezi mitano, na mara nyingi huzaa mapacha. Mnyama huyu ni wa mtu mdogo. Hahitaji bwana mkubwa wala mamia ya vibarua.

Ndugu zangu, tunajifunza nini?

Kwanza, anayefufua shamba aseme kweli juu yake. Mawe ya kinu yasifanywe pambo la kupendeza wageni, huku jasho la walioyasukuma likisahauliwa.

Pili, ardhi iliyochoshwa kwa tamaa haiponywi kwa tamaa nyingine. Ianze kidogo, ipumue.

Tatu, tuulize ni nani atakayekunywa maziwa. Kama wajukuu wa waliokata miwa watabaki nje ya ua wakitazama, Yubile bado ni nusu. Lakini wakipata hata kipande chao na mbuzi wao, hapo lile lililoanza mwaka 1848 linakaribia kutimia.

Nawe msikilizaji, pengine liko shamba la urithi kwenu ambalo limekuwa kichaka kwa sababu ya ugomvi. Mjane au yatima alinyimwa sehemu yake. Usikimbilie kulima. Kwanza mrudishie haki yake, kisha shika jembe.

Tuombe. Ee Bwana, nchi yote ni mali yako. Utufundishe kuitunza bila kumnyang'anya jirani, na kurudisha tulichokalia kisicho chetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.