Safarjali na Matumbo ya Wazee Wetu



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kwa jambo tunaloonea haya kulitaja: tumbo la mzee. Anayehamia Katy kuishi na wanawe huacha nyumbani mapapai na mapera aliyoyazoea. Tumbo likimsumbua, hunyamaza na kusema ameshiba.

Majira ya Oktoba na Novemba hupatikana hapa tunda ambalo Waarabu huliita safarjali. Likiwa bichi ni gumu, lina ukakasi kama pera changa. Limenye, utoe mbegu zote, kwani zikisagwa hutoa sumu. Likate vipande, ulichemshe kwa moto mdogo kiasi cha saa moja, kwa mdalasini na sukari kidogo. Litalainika, na huenda likageuka rangi ya waridi. Nyuzinyuzi zake ziitwazo pektini huvuta maji na huweza kulainisha choo, mradi mzee anywe maji ya kutosha.

Hiki ni chakula, si dawa. Akitoa damu au akikonda, apelekwe kwa daktari. Lakini mjukuu akimpelekea bakuli lenye uvuguvugu na kuketi naye, huenda mzee akayasema aliyoyaficha.