Nani Atapima Chini ya Rumangabo?



Anayepita Kalengera kwenye barabara ya taifa namba 2 huona bidoni kila upande. Watoto wanabeba za maji, na hatua chache mbele kadafi, wauzaji wa mafuta wa kando ya barabara, wamepanga za mazuti na esansi. Leo sina neno na kadafi. Nataka tutazame ghala kubwa zaidi, upande wa kusini kidogo: kambi ya jeshi ya Rumangabo.

Sidai kwamba maji ya huko yameharibika. Nasema kambi yoyote ya jeshi, nyuma ya bendera yake, ni gereji na ghala: matangi, betri, oili chafu, dawa za kutolea grisi. Vikimwagika, kila kimoja kina tabia yake. Mazuti huelea juu ya maji ya ardhini. Benzeni iliyomo ndani ya esansi huyeyuka na kusafiri nayo. Viyeyushi vingine vya grisi ni vizito kuliko maji, huzama hadi vikwame kwenye mwamba, na kutoka hapo huchafua maji kwa miongo mingi. Na mwamba wetu mnaujua. Mchanga huchuja, lava ina nyufa. Mwaka 1994 wakimbizi wa kambi ya Kibumba waliletewa maji kwa malori, si kwa kukosa mvua, bali kwa sababu mvua huzama mara moja. Kinachozama na mvua hakionekani tena.

Sheria tunazo. Ile ya mazingira ya Julai 2011 inasema aliyechafua alipe. Ile ya maji, ya tarehe 31 Desemba 2015, inalinda vyanzo. Lakini Rumangabo aliyechafua angekuwa nani? Waasi wa M23 waliiteka mwaka 2012, jeshi la serikali likairudisha mwaka uliofuata, M23 wakairudia mwaka 2022, na Januari 2023 wakatangaza kuikabidhi kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika makabidhiano ya namna hiyo watu huhesabu silaha. Tangi linalovuja nani alihesabu? Kumtafuta mwenye kosa hapo ni kufukuza moshi. Ndiyo maana naona deni lifuate ardhi: anayeishika kambi leo abebe kazi ya kusafisha, kisha amdai aliyemtangulia akiweza.

Wamarekani walifika huko kwa njia ndefu. Sheria yao ya kusafisha uchafuzi, ya 1980, ilimbana mwenye ardhi pamoja na mwendeshaji, na mwaka 1986 ikaongezwa wazi kwamba taasisi za serikali kuu, jeshi likiwemo, hazina upendeleo. Hata hivyo tazameni Red Hill, kule Hawaii, kwenye ardhi ya volkeno kama hapa kwetu. Matangi 20 ya mafuta ya jeshi la majini yalikaa takriban mita 30 juu ya maji ya kunywa. Moja lilivuja mwaka 2014. Mwaka 2015 jeshi la majini na wakala wa ugavi wa jeshi walitia saini makubaliano na mamlaka za mazingira, ya kuboresha na kuchunguza. Novemba 2021 mafuta yakaingia kwenye mfumo wa maji unaohudumia watu wapatao 93,000. Idara ya afya ya Hawaii ikaamuru matangi yatolewe mafuta. Jeshi likapinga, likaenda hadi mahakamani, na Machi 2022 wizara ya ulinzi yenyewe ikatangaza kuyafunga.

Saini ya 2015 haikuzuia kitu. Kilicholegeza mkono wa jeshi ni idara ya jimbo yenye maabara, na wananchi waliokuwa wameshanusa mafuta kwenye mabomba yao.

Nikirudi kwetu, najua jibu litakalotolewa langoni: siri ya ulinzi. Sawa. Basi kazi ianzie nje ya uzio. Maji ya upande huo hushuka kuelekea mto Rutshuru na ziwa Edward, hayaji huku Goma. Visima vitatu vya uchunguzi, vikichimbwa kwenye mteremko chini ya kambi, juu ya shamba la raia kwa ridhaa yake, havihitaji kibali cha jenerali. Sampuli zichukuliwe mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, nusu zibaki kwa wazee wa kijiji katika chupa zilizofungwa kwa muhuri, nusu zije maabara. Wanafunzi wa jiolojia, nawaona mmekaa nyuma. Chombo cha kuchimba ndicho ghali, hesabu yake tuianze wiki hii.