Mzazi, Umeshaonana na Mwalimu?



Wazazi wetu, nanyi vijana wenzangu wa Migori na Homa Bay, wahyi wa kwanza ulioshuka mwezi huu ulikuwa amri ya kusoma. Basi leo tuzungumze shule.

Kila Januari twahangaika na yunifomu, vitabu na karo. Sawa. Lakini kuna jambo lisilo na gharama, nalo ndilo tunalolisahau: kwenda kumwona mwalimu. Huku kwetu si Lamu. Mtoto wako huenda ndiye Muislamu peke yake darasani, na mwalimu hajapata kuishi na mtu anayefunga. Ramadhani ya 2026 imeingia Februari, ndani ya muhula wa kwanza, na ya 2027 itaingia Februari tena. Mtoto wa bweni atakula daku saa ngapi? Nani atamwekea futari? Kipindi cha mbio juani, je? Usimwachie mtoto wa miaka 14 ayaeleze haya mwenyewe mbele ya wenzake.

Hijabu nayo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana wa shule moja ya Isiolo kuivaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za utaratibu wa kesi. Kwa hivyo ulizia kanuni za shule kabla hujalipa karo, si siku ya kufungua.

Nawe mwalimu, hata kama si Muislamu, tuulize tu. Hatukasiriki.

Mzazi ukiona haya kwenda peke yako, sema baada ya Taraweh. Vijana watakusindikiza, inshaallah.