Bei, Kioo na Soko la Kompyuta Mpakato: Mfano wa Eee PC

Juni 2007, kwenye maonyesho ya Computex jijini Taipei, kampuni ya Asus ilitangaza kompyuta mpakato ya dola 199. Ilipoingia madukani Marekani miezi michache baadaye, Eee PC 701 ilikuwa imeshafika dola 399. Kioo kilikuwa cha inchi 7, hifadhi GB 4, uzito haukutimia kilo moja, na badala ya Windows ilitumia Linux. Ikagombewa hivyo hivyo. Acer, HP, Dell na Samsung hawakukawia kuleta za kwao.

Hoja ya mada hii ni kwamba bei ndiyo iliyoviuza vimpakato hivyo, yaani kompyuta mpakato ndogo za bei nafuu, na kioo ndicho kilichoviua.

Vingi vilivyofuata vilikuwa na kioo cha inchi 10.1, chenye pikseli 1024 kwa 600. Programu nyingi za wakati huo ziliandikwa kwa kioo kirefu zaidi. Mtu akifungua dirisha la mipangilio, kitufe cha kukubali kilizama chini ya ukingo, akabaki kubahatisha kwa kibodi. Microsoft nayo ilitoa Windows 7 Starter mwaka 2009 kwa mashine ndogo za bei nafuu. Mwenye nayo hakuweza hata kubadili picha ya mandharinyuma! Huenda hakuna mtengenezaji aliyetaka mashine ya dola 300 ile soko la mashine ya dola 700.

Aprili 2010 ikaja iPad: inchi 9.7, dola 499. Kwa mshazari kioo kilikuwa kifupi kuliko kile cha inchi 10.1 na bei kubwa zaidi, ila programu zake ziliandikwa kwa kioo hicho hicho. Wateja wakahamia huko, na kufikia mwisho wa 2012 Asus na Acer walikuwa wameachana na vimpakato.

Kwa kompyuta mpakato za kawaida, inchi 15.6 ndizo zilizozoeleka kwenye rafu za bei ya chini. Eneo la kioo hicho ni zaidi ya mara mbili ya kile cha inchi 10.1, vioo vyenyewe hutengenezwa kwa wingi, na ndani ya bodi pana vipuri havihitaji kubanwa. Wepesi ndio unaogharimu: MacBook Air ya kwanza, ya inchi 13.3, ilianza kuuzwa kwa dola 1,799 mwaka 2008.

Wauzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Luthuli Avenue, Nairobi, wana njia yao. Kompyuta za EliteBook, Latitude na ThinkPad za inchi 14, zilizostaafishwa na ofisi za ng'ambo, humpa mwanafunzi kioo cha kutosha na bodi imara bila kulipa bei ya mpya. Muuzaji anayeanza kwa kutaja bei ameruka swali la msingi. Amuulize mteja kwanza: utaibeba kila siku, au itakaa mezani?