Bei Moja na Kiroba cha Risiti: Mapatano ya Ada kati ya Mfanyabiashara Mdogo na Mhasibu



Niliombwa nianze na maana. Mhasibu ninayemzungumzia hapa ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Ada ya bei moja ni ile inayokubaliwa kabla ya kazi na isiyohesabu saa. Hayo mnayajua, tuendelee. Ieleweke tu kwamba nasema kama mhasibu wa kawaida, si kwa niaba ya Bodi wala ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Si kila mtu humu anamhitaji mhasibu. Kwa viwango vya mwaka 2019, mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu hulipa kodi ya shilingi 100,000. Akitunza, hulipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Tofauti hiyo ya 70,000 inaletwa na daftari na kalamu. Mhasibu atakayemtoza mfanyabiashara huyo 200,000 anamwonea, na nimeshawaambia wenzangu hivyo wakanuna.

Tatizo liko kwa waliokua. Mteja wangu mmoja wa mahindi, mauzo yake yalikuwa yamevuka milioni 100. Tulipatana Januari, kwa mdomo, tumesimama mnadani. "Mhasibu, nipe bei moja tu, tusisumbuane." Nikampa. Sikumwona tena hadi tarehe 27 Juni, siku tatu kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani ya kodi, alipoteremsha kiroba cha kilo 50 kwenye bodaboda. Kimejaa risiti. Kilikuwa kimekaa stoo, chini ya bati.

Risiti za mashine hazina wino. Huchapwa kwa joto, na joto hilohilo huzifuta. Karibu nusu zilikuwa nyeupe kama sanda. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Hizi hazikumaliza hata mmoja. Ikabidi tuwafuate wauzaji, tufungue miamala ya simu, tuulize wenye malori. Nilipotaja kazi ya ziada aliniuliza, "Kwani hatukukubaliana bei moja?" Alikuwa sahihi. Sikumwambia bei ile inanunua nini.

Hapa kwetu fundi ujenzi hafanyi kosa hilo. Ukimwambia nyumba ya vyumba vitatu, atauliza: na choo je? Mchanga unaleta wewe au mimi? Sisi wenye vyeti tunatamka bei, tunapeana mikono. Miaka nenda rudi nalisema hili kwenye semina, na kila Juni viroba vinakuja.

Sasa mapendekezo. Mapatano yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili. Yataje kazi iliyomo: ritani ya mwaka, malipo ya awamu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, barua ngapi za Mamlaka zitajibiwa. Yataje na isiyomo, hasa kufufua risiti zilizofutika, na bei yake. Risiti ziletwe kila mwezi. Mwenye kuleta Juni alipe bei ya Juni. Ada igawanywe kwa kufuata mavuno, maana mtu wa mahindi hana fedha Machi. Kumdai kila mwezi ni kumfundisha kukukimbia. Ada isifungwe na kiasi cha kodi kitakachopungua. Nywila za mfumo wa kodi zibaki kwa mwenye biashara, hata mkigombana. Na narudia, mapatano yaandikwe. Risiti zipigwe picha kwa simu siku ileile, karatasi yenyewe isikae chini ya bati.

Nimekuja na nakala 20 za mfano wa mapatano hayo. Ziko kwa katibu, pale karibu na mlango.